Nyumba ya rehani: dalali gani ana hati gani?

KILA wiki magazeti ya Kenya hutoa matangazo ya nyumba na viwanja ambavyo wenyewe wameshindwa kulipia mkopo na sasa mabenki yanaviuza. Wanaoshughulikia mauzo hayo huitwa madalali, wote kwa pamoja. Jina hilo moja ni chanzo cha hasara nyingi, kwani mbele ya sheria kuna watu watatu, kila mmoja na hati yake na bodi yake.

Wa kwanza ni mthamini, anayesajiliwa chini ya Sheria ya Wathamini, Sura ya 532. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mkopeshaji ahakikishe mthamini amekadiria bei ya mauzo ya lazima kabla ya kuuza. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 nazo zataka bei ya chini ya mnada itokane na uthamini usiozidi miezi 12.

Hati hii ndiyo kinga kubwa ya mdaiwa, ingawa wengi hawaiulizii. Chukua nyumba ambayo zinazofanana nayo zinauzwa sh. milioni 10 sokoni. Ikipigwa nyundo kwa sh. milioni 7, yaani pungufu ya zaidi ya asilimia 25, sheria inachukulia kuwa benki haikutafuta bei nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo. Mwenye nyumba aweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Ripoti ya mtu asiyesajiliwa haitamsaidia huko.

Wa pili ni dalali wa mnada, mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996. Benki ikishatoa notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine isiyopungua siku 40, dalali huyu naye hutoa notisi ya siku 45, na hawezi kuuza kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Mnunuzi aombe kuona leseni ya mwaka husika kabla ya kutoa amana. Kadi ya biashara si leseni.

Wa tatu ni wakala wa nyumba, aliyesajiliwa chini ya Sura ya 533. Kazi yake ni kutafuta mnunuzi kwa mapatano, bila mnada. Mdaiwa anayeona maji yamemfika shingoni angefanya vyema kumwendea huyu wakati notisi ya kwanza ingali mezani, na kupata ridhaa ya benki kwa maandishi. Watu wanaotaka nyumba ya kuishi hawatafuti bei ya mnada. Lakini wakala anayejisifu kuwa "anajua wakubwa benki" na kudai ada kabla ya kuonyesha cheti cha usajili, huyo aachwe.

Mtu mmoja aweza kuwa na hati mbili, na wako wengi. Hata hivyo, leseni ya mnada haimfanyi mwenyewe kuwa mthamini.

Kwa mdaiwa, muda ndio mali. Kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi wa nia njema hata kama notisi zilikosewa. Aliyeuziwa isivyo halali hubaki akidai fidia, si nyumba. Kabla mkataba wa mauzo haujafungwa, bado anaweza kulipa deni na gharama zake na kuikomboa.