SOMO LA WIKI: Kurejesha hesabu kwenye kompyuta nyingine

Wafanyabiashara wengi hutunza nakala za akiba za hesabu zao, lakini wachache wamewahi kujaribu kuzirejesha. Nakala isiyojaribiwa ni kama hundi ambayo bado haijapita benki: huwezi kuihesabu kuwa fedha.

Tuchukue mfano wa duka la jumla. Nakala ilichukuliwa Ijumaa jioni, na orodha ya wadaiwa iliyochapwa siku hiyo ilionyesha Sh. 14,500,000. Jumatano asubuhi kompyuta inakataa kuwaka. Diski ya akiba ipo, na kompyuta nyingine imepatikana. Hatua za kufuata ni hizi:

1. Weka kwenye kompyuta mpya programu ileile ya hesabu, toleo lilelile au jipya linalokubali faili za zamani. Tafuta nywila mapema. Nakala iliyofungwa kwa nywila haifunguki bila hiyo.

2. Rejesha faili katika folda mpya. Programu ya akiba ya Windows huuliza kama faili zirudi mahali pa awali au mahali pengine. Chagua mahali pengine. Ukirejesha juu ya faili zinazotumika, hesabu za zamani zaweza kufuta zile mpya. Kisha ielekeze programu ya hesabu kwenye folda hiyo, kwani huenda bado inatafuta faili mahali pa zamani.

3. Usifanyie kazi kwenye diski ya akiba yenyewe. Ukishanakili, ichomoe na kuihifadhi.

4. Linganisha. Jumla ya wadaiwa iwe Sh. 14,500,000 kamili. Ikitofautiana, simama utafute sababu. Ikilingana, ingiza stakabadhi za Jumamosi hadi Jumanne. Kama mauzo ya mkopo yalikuwa Sh. 3,200,000 na malipo yaliyopokewa Sh. 1,700,000, salio litakuwa Sh. 16,000,000. Asiye na stakabadhi hana cha kumwonyesha mdaiwa anayekana.

Hata makampuni ya kompyuta yamepatwa na haya. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa data katika seva kuu. Nakala zilizotarajiwa kuchukuliwa kila siku hazikuwapo, kwa kuwa programu iliyozichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ya saa 6 hivi kabla, iliyokuwa katika seva nyingine ya majaribio. Kuirudisha kulichukua takriban saa 18, na yaliyoingizwa kwenye hifadhidata katika saa hizo 6 yalipotea.

Msomaji atambue mambo mawili. Nakala hupoteza kila kilichofanyika baada yake, hivyo duka lenye mauzo mengi lahitaji nakala ya kila siku. Pili, muda wa kurejesha nao ni gharama.

Liko pia suala la kodi. Nchini Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu kwa miaka 5. Kompyuta kuharibika hakuondoi wajibu huo.

Ushauri wetu: mara moja kila miezi 3, azima kompyuta nyingine, rejesha nakala yako, na ulinganishe jumla na orodha iliyochapwa. Kazi hiyo ni ya saa chache, na yafaa ifanywe wakati duka bado linauza.