Mwongozo wa Kutandaza Kioo Chembamba kwa Mashine ya Kuzungusha

Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi wa maabara wanaotandaza silika juu ya slaidi za hadubini. Kioo hiki kisicho na fuwele huanza kama kimiminika na kukomaa kwa nyuzi 450 za Selsiasi. Kasoro nyingi zinazoonekana mwishoni huwa zimeingia kabla mashine haijawashwa, kwa hiyo usiharakishe hatua mbili za kwanza.

1. Slaidi
Osha kwa sabuni ya maabara, suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha mwagia maji safi na uangalie. Yakitanda kama utando mmoja, slaidi iko tayari. Yakijikunja kuwa matone, bado kuna mafuta: rudia kuosha. Suuza kwa ethanoli, kausha, na tangu hapo ishike kwa kibanio pembeni. Andaa pia kipande kimoja cha silikoni, kitakachotandazwa na kuchomwa kama slaidi, kiwe shahidi wa unene.

2. Myeyusho
Vaa miwani na glavu, na ufanye kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, mbali na moto. Mvuke wa tetraethili othosilikati hudhuru macho na mapafu, nayo ethanoli hushika moto upesi.

Changanya mililita 10 za tetraethili othosilikati na mililita 10 za ethanoli. Ukiendelea kukoroga, dondoshea polepole mililita 3.2 za asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1. Chupa itapata joto. Usiifunge kwa kukaza. Koroga kwa saa 2, kisha chuja kwa kichujio cha mikromita 0.2. Myeyusho ulioanza kuwa mzito usitumike, wala usimwagwe kwenye sinki.

3. Kuzungusha
Funika uso wote wa slaidi kwa myeyusho, bila viputo, ndipo uwashe mashine. Anza na mizunguko 2000 kwa dakika, kwa sekunde 30. Kwa kawaida kasi ikiongezwa mara 4, unene hupungua hadi nusu. Ukihitaji tabaka jembamba zaidi ya hapo, ongeza ethanoli.

4. Kukausha na kuchoma
Kausha kwa nyuzi 100 kwa dakika 10. Katika tanuri, pandisha joto nyuzi 2 kila dakika hadi 450, shikilia saa 1, kisha zima na uache mlango umefungwa mpaka tanuri lipoe lenyewe. Maji na ethanoli vikitoka, tabaka hutaka kusinyaa huku slaidi ikilizuia kwa chini. Mvutano huo ndio unaolipasua, na tabaka nene hupasuka kwanza. Ukitaka unene, tandaza matabaka membamba kadhaa na uchome kila moja. Usipite nyuzi 500, slaidi isije ikalainika.

5. Ukaguzi
Tazama silikoni chini ya mwanga mweupe. Silika ya nanomita 100 huonekana zambarau iliyokoza. Ya 200, dhahabu hafifu. Rangi moja uso mzima ni unene mmoja. Alama yenye mkia kama kimondo ina punje ya vumbi kichwani: rudi kwenye kichujio au slaidi. Nyufa humaanisha tabaka nene au joto lililopandishwa haraka.

Andika tarehe ya myeyusho, kasi na unyevu wa chumba kwa kila slaidi, hata iliyoharibika. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayomwonyesha mwenzako wa zamu ijayo pa kurekebisha.