Somo la Kiingereza: "Make Up"

Msomaji, mwezi huu tutasoma kitenzi cha Kiingereza chenye maneno mawili, nacho ni make up. Ukiyatafuta mbali mbali katika kamusi utaambiwa kwamba make ni kufanya au kutengeneza, na up ni juu. Basi ukiyaunga kwa akili hiyo utapata "tengeneza juu", jambo lisilo na maana yo yote. Yakikaa pamoja yana maana yao wenyewe, tena si moja.

Tuanze na ile inayoweza kukutia hasara. Mkulima mmoja wa kahawa, karibu na Runyenjes katika Embu, alipewa karatasi ya vipimo vya dawa ya shaba, ile ya kukinga chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wa Kenya huuita CBD. Karatasi ilisema: Mix 100 g in 5 litres of water, then make up to 20 litres. Akakoroga gramu 100 katika maji lita 5, vizuri kabisa. Kisha akapima maji mengine lita 20 akayamimina katika pipa lile lile, kwa kuwa aliiona tarakimu 20 na neno litres, na yaliyobaki akayakisia.

Karatasi haikumwambia aongeze lita 20. Make up to 20 litres maana yake ni: ongeza maji mpaka yote pamoja yafike lita 20. Kwa hiyo zilibaki lita 15 tu za kuongeza. Tazama hesabu. Gramu 100 katika lita 20 ni gramu 5 kwa kila lita. Katika lita 25 ni gramu 4. Dawa yake ilipungua nguvu kwa sehemu moja ya tano, na rangi haikumwonya, maana kwa macho dawa hafifu na dawa kamili zinafanana. Chulebuni ni kuvu inayopenda baridi na mvua, na dawa ya shaba hukinga tu, haiponyi. Tunda changa likisha kuingiliwa na kupata doa jeusi lililobonyea, haliokoki tena. (Vipimo hivi ni vya mfano wa somo. Shambani fuata vile vya kopo lako, au umwulize Bwana Shamba.)

Na kwa kuwa tumetaja vipimo: debe la zamani la mafuta ya taa lilikuwa la galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Usilihesabu kuwa lita 20.

Sasa jihadhari na sentensi hii: You may use up to 20 litres. Hapa up imeshikamana na to, na maana yake ni "usizidishe lita 20". Ukitumia 12 si kosa. Lakini We shall use up the copper today, ambapo hakuna to, maana yake ni "tutaimaliza dawa leo". Neno up ni kama jirani mwenye urafiki na watu wote. Lazima kwanza ujue leo amekuja kwa nani.

Maana ya pili ni kujaza upungufu. Tuseme chama cha ushirika huko Nkubu kimeahidi magunia 40 nayo yamepatikana 38. Katibu ataandika: We must make up the difference, yaani hatuna budi kuyatafuta mawili yaliyopungua. Ukiongeza for inakuwa kufidia: Good pruning will not make up for late spraying. Hata ukipogoa vizuri namna gani, hutafidia kuchelewa kunyunyizia dawa.

Ya tatu utaikuta katika kanuni za vyama: The committee is made up of nine members. Halmashauri ina wajumbe tisa; hao tisa ndio halmashauri yenyewe.

Zipo nyingine za mazungumzo. He made up his mind, alikata shauri. They quarrelled over the boundary but made up, waligombana juu ya mpaka lakini wakapatana. He made up the story, aliitunga habari hiyo, haikutokea. Ama make-up yenye kistari katikati ni vipodozi, na hayo binti zako wanayajua kuliko sisi.

Kanuni moja ya sarufi. Ukitaja kitu kwa jina lake waweza kukiweka mwisho au katikati: make up the loss, au make the loss up. Lakini ukitumia it au them, lazima likae katikati: make it up, kamwe si make up it. Ndiyo sababu katika vipimo waweza kukuta make it up to 20 litres. Maana ni ile ile ya kufikisha.

Mazoezi. Zifasiri sentensi hizi kwa Kiswahili:

1. Put the powder in a small bucket, make a paste, then make it up to 10 litres.
2. The clerk did not count the bags. He made up the figures.
3. If the early crop is poor, the main crop may make up for it.

Katika ile ya kwanza, make imetumika mara mbili kwa maana mbili. Zitenge kabla hujaanza kuandika.