Kuacha pombe: Usipigane vita hivi peke yako

Je, umejaribu kuacha pombe mara kadhaa ukashindwa? Usikate tamaa. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja wao daktari, kina mikutano pia jijini Nairobi. Hakuna ada, na jina lako la kwanza latosha. Linalohitajika ni nia ya kuacha tu.

Piga simu 1192 ya NACADA, bila malipo, uulizie mkutano ulio karibu nawe, uwe unafanya kazi katikati ya jiji au unaishi Lavington au Kangemi. Wa kwanza usipokufaa, jaribu mwingine.

Lakini ikiwa unakunywa kila siku na mikono hutetemeka asubuhi, muone daktari kwanza. Kuacha ghafla kwaweza kuleta degedege, hata kifo.