SOMO LETU: KUFIKA KWENYE KIWANJA CHA NDEGE



Tukisikia kwamba ndege inatoka Kinshasa mpaka Lubumbashi kwa saa mbili na zaidi, tunasema safari ni fupi. Lakini tupige hesabu vizuri. Tuseme msafiri ametumia saa mbili toka nyumbani mpaka Ndjili, halafu saa mbili za kungojea pale. Jumla imepita saa sita, na mu zile saa ndege iliruka mbili na kidogo tu. Basi haraka ya safari inapimwa tangu mlango wa nyumba, si tangu mlango wa ndege.

Sababu gani viwanja viko mbali? Ndege kubwa inahitaji njia ndefu ya kuruka, kilometa tatu hivi, na fasi wazi pasipo nyumba za juu. Tena makelele yake ni mengi. Ndiyo maana Ndjili iko karibu kilometa 25 toka katikati ya Kinshasa.

Inchi zingine zilifanya nini?

1. Gatwick, Uingereza. Mwaka wa 1936 jengo la wasafiri liliunganishwa na stesheni ya treni kwa njia ya chini ya udongo. Mtu alishuka mu treni, akatembea kidogo, akafika.

2. Bruxelles, Ubelgiji. Reli ilifika kwenye kiwanja mwaka wa 1955. Leo stesheni iko chini ya jengo lenyewe. Zamani treni iliishia pale na kurudi njia ile ile. Mwaka wa 2012 walifungua njia nyingine chini ya udongo, na treni zikaweza kupita mpaka upande wa Antwerpen.

3. Heathrow, London. Treni ya mji ya chini ya udongo ilifika viwanjani mwaka wa 1977. Mwaka wa 1998 ikaja treni ya mbio, dakika 15 tu mpaka stesheni ya Paddington. Mwaka wa 2022 ikaongezwa ya tatu, Elizabeth line.

Mutauliza: kama iko ya dakika 15, sababu gani wengine wanapanda ile ya 1977, yenye kuchukua karibu saa nzima mpaka katikati ya mji? Jibu: bei yake iko chini, na inasimama mu mitaa mingi. Mwenye kushuka Paddington, kama nyumba yake iko mbali na pale, atabadilisha treni na masanduku mkononi. Msafiri anatazama mambo manne: bei, kubadilisha, mizigo, na uhakika wa saa.

La nne ndilo kubwa, juu ndege haingojei mtu. Treni iko na njia yake peke yake. Lakini kwenye Boulevard Lumumba, bisi ya msafiri inagawana barabara na watu wa soko na wa kazi. Tikiti mara nyingi imenunuliwa na franka za ukoo mzima. Pengine ni ya mgonjwa, ao ya mwanafunzi mwenye kupata burse. Akichelewa, wote wamepoteza. Kwa hiyo tuhesabu saa kwa kurudi nyuma: saa ya ndege, toa ya kungojea, toa ya njia, toa tena moja ya matata. Ndiyo saa ya kutoka nyumbani.

MAULIZO

1. Kwa nini treni ya mbio haifai kwa kila msafiri?
2. Ndege inaruka saa 8 mchana. Kungojea ni saa 2, njia saa 2, matata saa 1. Utatoka saa ngapi?
3. Wafanyakazi wa kiwanja wanapita njia ile kila siku. Kwao, jambo gani kati ya yale manne ni la kwanza?