MAHARAGE YANAYOMWAGWA

Muhula huu ndoo ya makombo iliyo nje ya bwalo imekuwa ikijaa maharage. Wavulana hula ugali kwa mchuzi, na maharage huyamwaga. Juzi, nikiwa mwalimu wa zamu, mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama tumekwisha kushiba, kosa letu ni nini?" Swali ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko nafasi ya mlangoni mwa bwalo.

Misuli, ngozi na damu hujengwa kwa protini, na protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, ambavyo ni aina 20. Nyingi mwili hujitengenezea, ila aina 9 hauwezi, sharti zitoke katika chakula. Mojawapo ni tiriptofani, iliyopatikana kwanza na Hopkins na Cole kule Cambridge, Uingereza, mwaka 1901. Miaka mitano baadaye Hopkins na Bibi Willcock waliwalisha panya chakula ambacho protini yake ilikuwa ni ile kuu ya mahindi tu. Panya walikufa upesi. Wenzao walioongezewa tiriptofani waliishi zaidi, ingawa hawakukua, maana protini hiyo imepungukiwa na lisini pia.

Tena tiriptofani ina kazi ya pili. Kwa kila miligramu 60 hivi, mwili huweza kufanya miligramu moja ya vitamini iitwayo niasini. Mahindi yenyewe yana niasini, lakini imefungwa, wala tumbo haliwezi kuifungua. Wenyeji wa Mexico, walioanza kuyalima, huyachemsha kwa chokaa, nayo chokaa huifungua. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo ulibaki nyuma.

Basi mtu alaye mahindi matupu miezi mingi aweza kupatwa na pelagra. Ngozi ipigwayo na jua, shingoni na mikononi, huwa nyeusi na kubambuka, tumbo huharisha, akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa huu uliua maelfu. Wengi waliamini kuwa unaambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Daktari Joseph Goldberger, naye akaona jambo ambalo wengine walilipita: katika nyumba za mayatima na hospitali za wagonjwa wa akili, wakaaji waliugua, lakini wauguzi waliokaa nao kutwa hawakuugua. Mayatima walipopewa maziwa, mayai, nyama na kunde, ugonjwa ulitoweka.

Mwaka 1915, katika shamba la gereza huko Mississippi, wafungwa 11 walikubali kula vyakula vya mahindi, wali, unga mweupe na sukari kwa ahadi ya kuachiliwa. Baada ya miezi michache 6 kati yao walikuwa na dalili za pelagra. (Siku hizi jaribio la namna hiyo halingeruhusiwa, na ni haki.) Wapo waliokataa bado kusadiki, kwa hiyo mwaka 1916 Goldberger, mkewe na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa. Hakuna aliyepata pelagra. Alifariki mwaka 1929, kabla ya niasini kutambuliwa kuwa dawa yake mwaka 1937. Kazi ya tiriptofani ilithibitika kwa panya mwaka 1945.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Marekani tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakilishwa mahindi, waliugua pelagra zaidi ya 18,000. Karanga, zilizokuwa katika posho yao, zilikuwa zimepungua.

Kijana wangu wa mlangoni hatapata pelagra kwa kumwaga maharage ya Jumanne, maana nyumbani hula samaki na maziwa. Lakini wako wenzake ambao bakuli lile ndilo kitoweo chao cha muhula mzima. Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 22 hivi, za mahindi 9 tu, na tiriptofani ya maharage ni zaidi ya mara mbili. Asiyeyataka na ampe jirani yake kabla hayajafika kwenye ndoo. Mpishi naye ameniahidi kwamba Alhamisi atayaunga kwa nazi.