Kupima kani ya Casimir? Anza na umbo

Una vipande viwili vya metali ndani ya ombwe, vimeachana chini ya mikroni moja. Havina chaji, lakini vinavutana. Hiyo ndiyo kani ya Casimir. Kabla hujanunua kifaa chochote, amua maumbo.

Achana na mabamba mawili sambamba. Hendrik Casimir alianza nayo mwaka 1948, na kwenye karatasi yanapendeza: punguza mwanya nusu, kani inapanda mara 16. Maabarani ni kisirani. Bamba likiinama unywele tu, mwanya si mmoja tena.

Tumia tufe na bamba. Tufe halijui kuinama. Steve Lamoreaux alitumia lenzi mwaka 1997. Mwaka uliofuata Umar Mohideen na Anushree Roy wakatumia kitufe cha plastiki kilichopakwa metali. Hapa nusu ya mwanya inakupa mara 8. Tufe la nusukipenyo cha mikroni 100, likiwa nanomita 100 kutoka kwenye bamba, linavutwa kwa pikonewtoni 270 hivi, kama metali zote mbili zingekuwa vioo kamili.

Kwa makadirio ya haraka, gawanya uso uliopinda uwe vipande vidogo. Kila kipande kihesabu kama bamba, kisha jumlisha. Njia hii ya Derjaguin inafaa tufe likiwa kubwa mno kuliko mwanya.

Usiamini wastani wa mwanya. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua uso wenye mawimbi mapana: nusu yake iko nanomita 80 kutoka kwa bamba, nusu 120. Wastani ni 100. Lakini ile ya 80 inavuta mara 2.44 ya bamba la 100, na ile ya 120 mara 0.48. Ukigawa kwa mbili unapata 1.46. Nundu zimekuongezea asilimia 46! Pima ukwaru kwanza.

Mifereji myembamba ni kesi nyingine: hapo hata kujumlisha vipande hakutoshi. Majaribio ya mwaka 2008 kwenye silikoni yenye mifereji yalionyesha hivyo. Tafuta programu ya kukokotoa umbo zima.

Na mtu akikuahidi kani ya kusukumana, muulize maumbo. Kama kitu kimoja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, usiwashe hata kompyuta. Kenneth na Klich walithibitisha mwaka 2006: kwenye ombwe, vitavutana tu.